Kabla Hujalipia Gita la Zamani, Fungua Shingo Kwanza

Ukipigiwa simu Jumapili uende soko la Kibuye, Kisumu, kuona "gita la Marekani la miaka ya sitini", usikimbie na pesa mfukoni kama mtu anayefuata matatu ya mwisho. Kunywa chai kwanza, kisha usome hapa.

Nenda mchana. Beba waya wako, na amplifaya ndogo ukiweza. Jaribu kila pikapu, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Kifundo cha sauti kikikwaruza ni vumbi tu, hilo lisikutishe. Rangi iliyochubuka nayo isikubabaishe, msasa unauzwa kila duka la vifaa. Jina lililo kichwani mwa gita ndilo la mwisho kuaminiwa, maana stika hubandikwa na yeyote mwenye kucha safi.

Sasa ligeuze mgongoni uangalie shingo imeungwaje na mwili. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni skrubu: utaona kibati cha chuma na skrubu nne, mtindo wa Fender, kampuni ya magita ya Marekani, tangu mwanzo. Stratocaster, aina mojawapo ya magita yao, za kuanzia mwisho wa 1971 hadi 1981 zina tatu, kwa hiyo ukiambiwa ni ya 1965 na skrubu ni tatu, rudisha gita kwa adabu. Ya pili ni gundi, kama Les Paul ya kampuni ya Gibson: hakuna kibati, shingo inazama mwilini na kushikana nao. Hizi zichunguze nyuma ya kichwa, pale chini kidogo ya vifunguo vya nyuzi. Kichwa chao kimeinama kwenda nyuma, na gita likianguka huvunjikia hapo hapo. Pitisha ukucha polepole. Ufa uliopakwa rangi macho huukosa, ukucha huupata. Ya tatu ni shingo ipitayo, kama besi ya Rickenbacker 4001, ambapo mbao ya shingo inaenda moja kwa moja hadi chini na mabawa ya mwili yameunganishwa kando. Hiyo ikipinda vibaya, andaa pesa au tafuta msumari wa kulitundika ukutani.

Nambari zinasaidia, lakini kidogo. Hadi 1976 Fender waliipiga nambari kwenye kibati cha shingo, na kibati ni skrubu nne tu kukihamisha. Gibson walirudia nambari zilezile miaka ya 1960, ila maneno "Made in USA" nyuma ya kichwa yalianza 1970. Ukiyakuta kwenye gita la "1968", muulize muuzaji lilizaliwa mara ngapi.

Mimi nambari ndiyo iliyonimaliza. Kibati cha gita nililouziwa kilikuwa na nambari inayoanza na L, na nilikuwa nimesoma kwamba L ni Fender za mwisho wa 1962 hadi 1965. Moyo ukaanza kupiga benga. Nikamwomba muuzaji bisibisi nifungue shingo, akashika kifua. "Omera, gita la umri huu halifunguliwi ovyo, utaliharibia sauti." Nikaona aibu, kana kwamba nimemwomba mzee avue shati sokoni. Nikalipa elfu thelathini na tano.

Miezi miwili haikuisha. Tukiwa kwenye matanga upande wa Bondo, saa nane usiku, nikapanda juu ya shingo pale solo inapokaa na kila noti ikatoka imepinda. Mwenzangu wa besi alinitazama mara moja tu, akatazama kando. Asubuhi nikapima: kati ya nyuzi na freti ya kumi na mbili, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, zilipita sarafu mbili za shilingi ishirini zikiwa zimebebana. Shingo ilikuwa imevutwa na nyuzi ikawa upinde.

Kwa kawaida hilo ni jambo dogo. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma yenye nati mwishoni. Unaikaza kidogo, shingo inanyooka. Lakini kwenye magita mengi ya mtindo wa Fender wa zamani nati hiyo iko upande wa mwili, na ili uifikie vizuri lazima shingo itoke. Fundi wangu wa Kondele akatoa skrubu nne, akavuta. Haikusogea. Akaniangalia, akavuta tena. Akachukua pasi ya nguo, akapasha moto taratibu, na ilipokubali ilitoka na vipande vya mwili vimeng'ang'ania. Ilikuwa imezibwa kwa ile gundi ya kuchanganya ya mirija miwili. Chini ya gundi mlikuwa na matundu manane: manne ya skrubu zetu, na manne mengine yaliyojazwa njiti za kiberiti. Shingo ya gita jingine kabisa. Muhuri wa tarehe ambao Fender walikuwa wakiupiga kwenye kisigino cha shingo, ile ncha inayokaa ndani ya mwili, haukuwepo. Kibati pekee ndicho huenda kilikuwa cha kweli, na kibati hakipigi noti.

Kwa hiyo beba bisibisi yako. Legeza nyuzi kwanza, fungua skrubu, tazama kisigino, tazama matundu, tazama kama kuna gundi, na hakikisha nati inazunguka. Ni dakika kumi. Hakuna sauti inayoharibika kwa shingo kutolewa na kurudishwa vizuri. Anayekataa amejibu swali lako.

Ukishalichukua, usiliache kwenye buti ya gari jua la saa saba la Kisumu likiwaka, hasa la gundi, kwa sababu gundi ya zamani hulegea kwa joto. Usifunge nyuzi nene ukidhani unaongeza sauti. Andikianeni karatasi, hata ya daftari. Mwenzako akikuvuta mkono kando sokoni, mfuate umsikilize. Na pesa usizitoe kabla hujakaa chini, hujapiga wimbo mzima, hujasikia sauti yake ikififia.