Kujua saa ya maji kwa tarehe ya mwezi

Jamani ukitaka kutoka na ngalawa Jambiani au Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, huna haja ya app, shika tarehe ya Kiislamu tu. Tarehe 1 na 15 hivi maji yanajaa kama saa kumi na nusu, alfajiri na jioni, yanakupwa kama saa nne na nusu, halafu kila siku mbele ongeza dakika 50 kwa sababu mwezi nao unachelewa hivohivo. Tarehe 1 na 15 hizo ni bamvu, jua na mwezi vinavuta pamoja, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, kwahiyo ukichelewa kurudi ngalawa inalala mchangani baina ya mashamba ya mwani na wewe unatembea mpaka pwani, na ukanyage wanyama wa bahari wenye miiba kama hukuvaa makobazi. Hesabu inapotea tarehe 8 na 23 hivi, maji mafu, yaani yanapanda na kushuka kidogo tu, hapo ucheleweshaji unapita saa nzima. Ndani ya vijito vya mikoko pia maji yanachelewa kufika, huko waulize wavuvi. Na hesabu hii ni ya saa tu, upepo wa kusi hauimo humo.