Somo: Brauni za chokoleti na cajeta, karameli ya maziwa ya mbuzi kutoka Meksiko

Niseme mapema: kazi ya leo iko kwenye cajeta (tamka "kaheta"). Brauni zenyewe ni za robo saa tu kuchanganya.

Huko Meksiko mji unaosifika kwa cajeta ni Celaya, jimbo la Guanajuato. Kwa desturi hupikwa kwenye masufuria mapana ya shaba, maziwa ya mbuzi na sukari vikikorogwa mpaka viwe vizito na vya kahawia. Maziwa ya mbuzi yana ukali fulani unaopunguza utamu, ndiyo maana cajeta inapatana na chokoleti chungu kuliko karameli ya kawaida.

Hatua ya 1: Cajeta

Maziwa ya mbuzi lita 1, sukari gramu 200, kijiti cha mdalasini, chumvi kidogo sana, bekin soda robo kijiko cha chai.

Chukua sufuria kubwa yenye kitako kizito. Bandika kila kitu isipokuwa soda, moto wa wastani. Yakianza kuchemka, ipua, kisha mimina soda uliyoikoroga kwenye kijiko cha maji. Povu litapanda kwa kasi, kwa hiyo usithubutu kuitia sufuria ikiwa motoni. Soda inapunguza uchachu ili maziwa yasikatike, na inaharakisha rangi.

Rudisha kwenye moto mdogo, koroga kila baada ya dakika chache. Kwa muda mrefu utaona kama hakuna kinachoendelea. Halafu ghafla rangi inageuka, na hapo simu iache chumbani: koroga bila kupumzika. Ukipitisha mwiko na kitako cha sufuria kikaonekana kidogo kabla ya kufunikwa tena, ipua. Yote huchukua kama saa moja na nusu. Usisubiri iwe nzito motoni, itazidi kukaza ikipoa.

Hatua ya 2: Rojo

Chokoleti nyeusi gramu 200, siagi gramu 150, sukari gramu 180, mayai 3, unga wa ngano gramu 90, kakao vijiko 2 vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai.

Yeyusha chokoleti na siagi kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto. Tia sukari, kisha mayai moja moja, ukipiga kwa nguvu mpaka rojo ling'ae. Chunga unga, kakao na chumvi, changanya kwa mwiko, na uache mara tu unga unapopotea. Hamira ya poda haihitajiki. Hii si keki.

Hatua ya 3: Kuoka

Treya ya sentimita 20, iwe na karatasi. Mimina nusu ya rojo, tandaza nusu kikombe cha cajeta, funika kwa rojo lililobaki, dondosha cajeta kidogo juu na uchore kwa kisu. Oka nyuzi 175 kwa dakika 25 hadi 30. Choma katikati kwa kijiti cha meno: kikitoka kikavu umechelewa; kitoke na chembe zenye unyevu. Kata zikipoa kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, maziwa ya mbuzi huku hayapatikani. Ya ng'ombe je?
Jibu: Yanafaa, ila ule ukali utaukosa. Ukipata ya mbuzi hata nusu lita, changanya nusu kwa nusu.

Swali: Naweza kutumia magadi ya kuivishia maharage badala ya soda?
Jibu: Hapana, dada. Magadi ni makali mno, utakula karameli yenye ladha ya sabuni.

Swali: Cajeta yangu imekuwa na chembechembe kama mchanga.
Jibu: Sukari imeganda. Ongeza vijiko viwili vya maziwa, pasha taratibu ukikoroga mpaka ilainike. Siku nyingine, kwangua kingo za sufuria mara kwa mara.

Swali: Shikamoo mwalimu. Sina oveni, natumia jiko la mkaa.
Jibu: Marahaba. Makaa mengi yawe juu ya mfuniko, chini machache sana. Cajeta yote ikae katikati ya rojo, isiguse kitako wala kingo, maana ndiyo inayoungua kwanza. Anza kuchungulia baada ya dakika 20.