Steti wakiingia: mwongozo wa ukaguzi kwa wahudumu na wauguzi wa nyumba za wazee Marekani

Wakaguzi wa jimbo, ambao kazini wote tunawaita "Steti", hawapigi simu kabla ya kuja. Nyumba yoyote ya wazee inayolipwa na Medicare au Medicaid, yaani bima za afya za serikali, lazima ikaguliwe kabla miezi 15 haijapita tangu ukaguzi uliopita, na wastani wa jimbo zima usizidi miezi 12. Angalau asilimia 10 ya kaguzi hizo huanza nje ya saa za ofisi, yaani jioni, alfajiri au wikendi. Basi miezi 9 ikishapita, kila zamu ijihesabu kuwa ndiyo itakayofungua mlango, hata ile ya usiku yenye muuguzi mmoja na CNA (wahudumu wasaidizi wa uuguzi) wawili.

Hatua ya 1: Mlangoni

Angalia kitambulisho, wakaribishe ndani, mwite muuguzi msimamizi wa zamu. Yeye ndiye anayempigia simu meneja wa nyumba na mkurugenzi wa uuguzi, hata kama ni saa tisa usiku. Usiwaweke wakaguzi nje wakimsubiri bosi. Wapatie chumba chenye meza, umeme na mlango unaofungika. Wakati huohuo mmoja wao atakuwa ameshaelekea jikoni. Huko huanza mapema makusudi, kabla watu hawajapata nafasi ya kutupa chakula kisicho na tarehe.

Kuna karatasi zinazotakiwa papo hapo: idadi ya wakazi, orodha ya majina yao kwa alfabeti, jedwali la waliopokelewa siku 30 zilizopita, na orodha ya wavutaji sigara pamoja na saa na mahali pao pa kuvutia. Ndani ya saa moja wanataka ratiba halisi ya wafanyakazi, saa za milo, saa za dawa, na idadi ya matoroli na vyumba vya dawa. Ndani ya saa nne wanataka jedwali la wakazi wote waliobaki. Yote haya yakae kwenye faili moja pale kwenye kaunta ya wauguzi, na lisasishwe kila wiki. Faili lililofungiwa ofisini kwa bosi halimsaidii mtu Jumapili.

Kabla hujaondoka mapokezi, tazama ubao wa idadi ya wauguzi na CNA wa siku hiyo. Wikendi ndipo unapokamatika, kwa kuwa mara nyingi bado unaonyesha Ijumaa.

Hatua ya 2: Vyumbani

Siku ya kwanza kila mkaguzi hupita kwa wakazi wake, takriban wanane, akiwatazama, akizungumza nao faragha na kupitia mafaili yao. Usisimame karibu kusikiliza. Usimuulize mkazi baadaye alisema nini.

Anachokiangalia chumbani ni mambo ambayo macho yetu yameyazoea hadi hayayaoni tena. Kengele ya kuitia msaada imeanguka nyuma ya kitanda. Mfuko wa mkojo umegusa sakafu, au hauna kifuniko na kila apitaye anauona. Mkazi anayelishwa kwa mrija amelazwa sawasawa wakati kitanda kilitakiwa kuinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Mpango wa matunzo unasema watu wawili na mashine ya kunyanyulia, lakini CNA yuko peke yake. Hilo la mwisho ni zito kuliko yote hapo juu, maana mkazi akianguka linaandikwa kama F689, tagi (namba ya kosa kwenye ripoti ya ukaguzi) ya ajali na usimamizi, na linaweza kufika kiwango cha madhara halisi.

Kuhusu hodi, sisi tumelelewa nayo, lakini kazini tunaisahau. Piga hodi, subiri, jitambulishe, ndipo uingie. Unapomlisha mtu, kaa; usisimame juu yake na kijiko. Usimwite mtu mzima "wa kulishwa". Na kuna moja linalotuhusu sana: CNA wawili wanamgeuza bibi kitandani huku wakipiga soga kwa Kiswahili. Bibi haelewi neno, anadhani anasemwa. Wakazi hulalamikia jambo hilo kwenye kikao chao na wakaguzi, na linaangukia tagi ya heshima, F550. Ongea na aliye mikononi mwako.

Tangu Aprili 2024, mkazi mwenye kidonda sugu, katheta au mrija wa chakula anahitaji mhudumu avae gauni na glavu kwa kazi za kumgusa sana: kuogesha, kuvalisha, kubadilisha nepi, kuhudumia kidonda au mrija. Kosa la kawaida hapa ni glavu zilezile kutoka kwenye nepi hadi kwenye kishikio cha mlango, ama kubadilisha glavu bila kusafisha mikono katikati.

Hatua ya 3: Ukiulizwa swali

Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Usipojua, sema: "Sijui kwa uhakika, nitaangalia kwenye mpango wa matunzo" au "nitamuuliza muuguzi", halafu ufanye hivyo kweli na umrudishie jibu. Kubahatisha ndiko kunakoumiza, kwa sababu swali lilelile litaulizwa kwa mwenzako, kwa mkazi na kwa faili, na majibu manne tofauti ni ushahidi tosha.

Swali ambalo halikosekani ni la unyanyasaji: ukiona au ukisikia, unafanya nini? Kwanza mlinde mkazi, kisha ripoti mara moja. Nyumba ina saa 2 kuiarifu serikali kama ni tuhuma ya unyanyasaji au kuna jeraha kubwa la mwili, saa 24 kwa tuhuma nyingine za aina hiyo, na siku 5 za kazi kupeleka matokeo ya uchunguzi. Ukijibu "ningesubiri asubuhi nimwambie bosi", umeshakosa.

Hatua ya 4: Toroli la dawa

Hapa ndipo wauguzi hutetemeka, na hesabu yake inafaa kueleweka. Mkaguzi hufuatana na wauguzi mpaka aone angalau nafasi 25 za dawa. Kila dozi uliyotoa ni nafasi moja, na dozi iliyoagizwa ukaiacha nayo inahesabiwa. Anaandika alichokiona kwa macho, kisha analinganisha na maagizo ya daktari. Makosa yanagawanywa kwa nafasi: kosa 1 katika 25 ni asilimia 4, mmesalimika, makosa 2 katika 25 ni asilimia 8. Mpaka ni asilimia 5, na ukiifikia tu imeandikwa, F759. Kosa moja lililo zito linatosha peke yake kwa F760, bila kujali asilimia.

Makosa hayo mara chache huwa ya dawa isiyo yake. Huwa ni ya namna ya kutoa: kalamu ya insulini haikutolewa hewa kwanza, insulini ya haraka imechomwa na chakula kiko mbali, kidonge cha kuyeyuka polepole kimesagwa, dawa ya maji haikutikiswa, dawa ya kabla ya mlo imetolewa pamoja na mlo, matone mawili tofauti ya jicho yamefuatana bila kusubiri dakika 3 hadi 5. Fanya polepole. Ukigundua umekosea, sema hapohapo na ufuate utaratibu wa nyumba.

Ukiliacha toroli hata kwa hatua tatu, lifunge na ufiche skrini. Friji ya dawa iwe kati ya nyuzi 36 na 46 za Farenhaiti, na insulini iliyofunguliwa iwe na tarehe. Nyingi hutupwa baada ya siku 28. Jikoni, chakula baridi kisizidi nyuzi 41, cha moto kisishuke chini ya 135.

Hatua ya 5: Usijaze jana leo

Ukikuta nafasi tupu kwenye rekodi ya juzi, iache. Kama ulifanya kazi na unakumbuka, andika kama maandishi ya kuchelewa, kwa tarehe na saa ya leo. Mfumo wa kompyuta unahifadhi muda wa kila kilichoandikwa. Nafasi tupu ni upungufu wa nyumba. Rekodi ya uongo inaweza kukugharimu leseni yako au jina lako kwenye rejista ya CNA.

Wakaguzi wakisema wameona hatari ya haraka, yaani inayoweza kumdhuru vibaya au kumuua mkazi (herufi J, K au L kwenye jedwali lao la uzito wa makosa), kazi nyingine zote zinasimama. Nyumba inaandika mpango wa kuiondoa hatari hiyo bila kusubiri ripoti.

Hatua ya 6: Fomu 2567 na ombi la kupinga

Ripoti rasmi, fomu CMS-2567, hufika ndani ya siku 10 za kazi baada ya wakaguzi kufunga. Kuanzia siku mnayoipokea mna siku 10 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, kurudisha mpango wa marekebisho. Kwa kila tagi eleza: waliodhurika wamefanyiwa nini, wengine walio hatarini wametambuliwaje, utaratibu gani umebadilika, nani atafuatilia na mara ngapi, na tarehe ya kukamilika. "Wafanyakazi watafundishwa upya" peke yake hurudishwa. Andika, kwa mfano, kwamba muuguzi msimamizi atatazama ugawaji wa dawa mara 5 kwa wiki kwa wiki 4, na matokeo yatakwenda kwenye kamati ya ubora.

Kama tagi haina haki, ombeni usuluhishi usio rasmi, IDR. Ombi ni la maandishi, ndani ya siku 10 zilezile, likitaja tagi na sababu, na kuambatisha ushahidi uliokuwepo siku ya ukaguzi: agizo la daktari, ukurasa wa mpango wa matunzo, rekodi ya mafunzo. Msilalamikie tabia ya mkaguzi, maana hilo halisikilizwi hapo. Uzito wa tagi nao haupingiki, isipokuwa ni hatari ya haraka au matunzo duni ya kiwango kikubwa. Na mpango wa marekebisho upelekwe vilevile kwa wakati. Ombi halisimamishi adhabu.

Mwisho, ripoti iwekwe mahali ambapo mkazi aliye kwenye kiti cha magurudumu anaifikia bila kumwomba mtu. Ikifungiwa kwenye droo ya mapokezi, hiyo nayo ina tagi yake, F577.