Jinsi ya Kupatana Bei ya Gari Lililotumika: Kila Shilingi Unayotaka Ipunguzwe Iwe na Sababu

Mwongozo huu ni kwa mtu anayenunua gari ambalo tayari linatembea kwenye barabara zetu za Tanzania, kutoka kwa mwenye gari au kupitia dalali, na siyo kwa anayeagiza gari kutoka Japani. Kazi yangu ni kuwakagulia wanunuzi magari jijini Dar es Salaam na kukaa nao wakati wa kupatana bei. Ninachokiona mara kwa mara ni mnunuzi anayeingia kwenye maongezi akiwa na neno moja tu, "nipunguzie", mbele ya muuzaji aliyekwisha kuongeza laki 3 au 4 kwa ajili ya neno hilohilo. Muuzaji anaziondoa kwa moyo mkunjufu, mnunuzi anashukuru, na bei inabaki palepale ilipokusudiwa tangu mwanzo. Bei hushuka kweli pale ambapo kila kiasi unachotaka kitolewe kina jina: tairi lililokwisha, shokapu inayovuja, deni la faini, kadi yenye jina la mtu mwingine. Hatua zifuatazo zinahusu namna ya kuyakusanya majina hayo, kuyawekea thamani na kuyasema kwa heshima.

Hatua ya kwanza: jua gari la aina hiyo linauzwa shilingi ngapi

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni bei inayoombwa, wala haikuonyeshi gari liliuzwa kwa kiasi gani. Tafuta matangazo yasiyopungua kumi ya gari la aina ileile, mwaka uleule wa kutengenezwa na ukubwa uleule wa injini, kisha uyafuatilie kwa wiki mbili au tatu. Tangazo linalorudiwa mara kwa mara huku bei ikiteremka lina manufaa makubwa kwako, kwa sababu linakuonyesha mahali ambapo wanunuzi wamekataa kufika. Wapigie simu wauzaji wa magari ambayo huna nia ya kuyanunua na uwaulize bei yao ya mwisho. Kwa gari unalolitaka hasa, usiulize bei ya mwisho kwa simu. Ukiuliza, muuzaji atataja kiasi ambacho baadaye ataona aibu kukishusha, na wewe utakuwa umekwisha kuanza mapatano bila kuliona gari.

Zingatia pia suala la namba. Wauzaji wetu hupanga bei kwa kuangalia herufi za kibao, na gari la "namba E" huombewa fedha nyingi kuliko la "namba C" hata kama yote mawili yalitengenezwa mwaka mmoja. Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, na hazisemi lolote kuhusu lini lilitoka kiwandani. Ni kweli kwamba gari lililochelewa kuingia limekutana na mashimo yetu kwa muda mfupi zaidi, na hilo lina thamani yake, lakini gari la mwaka 2005 linabaki kuwa la mwaka 2005. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, nao ndio unaopaswa kuutumia unapolinganisha.

Kisha tafuta kikomo cha juu. Tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ina kikokotoo cha kodi ya magari yaliyotumika: unaingiza aina ya gari, mwaka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, nacho kinakupa thamani wanayoitambua na kodi zake. Ongeza bei ya gari lenyewe kwa wauzaji wa Japani, usafirishaji, gharama za bandari na malipo ya wakala wa forodha, na utapata gharama ya kuliagiza. Usishangae ikiwa ni kubwa, kwani gari dogo la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10 hubeba ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari ya zamani kushikilia bei humu nchini. Hata hivyo, hakuna sababu ya kulipa kiasi kinachokaribia gharama hiyo kwa gari ambalo limekwisha kutumika hapa kwa miaka kadhaa.

Hatua ya pili: jua unazungumza na nani

Mara nyingi anayepokea simu ni dalali. Dalali mzuri ana manufaa, kwa kuwa anajua magari mengi na anakuokolea muda, lakini unapaswa kujua analipwa vipi. Wako wanaopewa kamisheni na mwenye gari, na wako wanaoambiwa "mimi nataka milioni 9, kinachozidi ni chako", ambao huweka cha juu kwa kadiri wanavyoona mnunuzi anavyolihitaji gari. Muulize kwa upole na waziwazi: "Kaka, nani anakulipa, mimi au mwenye gari?" Kisha omba mwenye gari awepo siku ya mapatano. Mwenye gari anapokuwepo, cha juu hakina mahali pa kujificha.

Kabla ya kutumia nauli, omba picha ya kadi. Ikiwa jina lililo kwenye kadi siyo la anayeuza, taka maelezo. Magari mengi hupita mikono miwili au mitatu kwa mkataba tu, bila umiliki kuhamishwa TRA, na wewe ndiye utakayehangaika kumtafuta mmiliki wa kwanza. Ukiambiwa kwamba kadi iko benki kwa sababu ya mkopo, hapo hakuna mapatano ya bei mpaka benki yenyewe ithibitishe deni na namna litakavyolipwa. Angalia pia madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya gari. Kosa moja kwa kawaida ni shilingi 30,000, na gari lililokuwa likifanya safari za mikoani huweza kuwa na makosa mengi yaliyolimbikizana.

Hatua ya tatu: kagua ukiwa na daftari

Hapa ndipo mapatano yanaposhindwa au kushinda, na ndiyo maana nashauri uende na fundi wako mwenyewe, asubuhi, mahali penye mwanga. Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, andika hivyo, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa huficha mlio wa asubuhi na moshi wa kwanza.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha kujazia oili na utazame upande wake wa ndani. Utando mzito wenye rangi ya maziwa unaweza kumaanisha kwamba maji yanachanganyika na oili, na hilo ni jambo la kumwachia fundi wako alichunguze kwa kina. Tazama rejeta: maji matupu yenye rangi ya kutu yanakuambia namna gari lilivyotunzwa. Kisha zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini lazima ionekane hapo, na izime baada ya injini kuwaka. Ikiwa haionekani kabisa, ama imekufa ama kuna mtu ameizima makusudi. Hapo usikubali kuendelea bila kuunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

Kwenye matairi, tafuta alama ya DOT na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri kwa macho na bado likawa limezeeka, na tarakimu hizo hazibishaniwi na mtu. Linganisha kilomita zilizo kwenye dashibodi na uchakavu wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Kilomita 60,000 haziendi pamoja na pedali iliyolika mpaka chuma kikaonekana. Pitisha sumaku ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa kwenye milango na vizingiti vya chini: isiposhika kwenye bodi ya chuma, hapo pamenyooshwa na kujazwa. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari na ile iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Maelezo ya muuzaji nayo yapimwe. Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ambayo imejaa mitaani kwetu, ina injini ya 2NZ ya lita 1.3 au 1NZ ya lita 1.5, na zote mbili hutumia cheni ya taimingi. Mtu akikuambia kwamba amebadilisha mkanda wa taimingi hivi karibuni kwenye gari hilo, basi ama hajui kilichofanyika ama anakupa maneno ya kuuzia, na kwa vyovyote vile matengenezo mengine anayoyataja yahitaji risiti.

Kila kasoro iandikwe ikiwa na bei ya kuirekebisha. Piga simu kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Ilala ukiwa hapohapo, ukiweza mbele ya muuzaji, ili bei itajwe na mtu wa tatu.

Hatua ya nne: mapatano yenyewe

Tuchukue mfano wa IST inayoombewa milioni 11 na laki 5. Viwango hivi ni vya kuonyesha hesabu tu. Utafiti wako umeonyesha kwamba iliyo safi inauzwa kama milioni 10 na laki 8. Umeona matairi mawili ya mbele yaliyokwisha (260,000), shokapu za mbele (300,000) na kompresa ya AC iliyokufa (450,000). Jumla ni 1,010,000. Toa kwenye bei ya gari safi, upate karibu milioni 9 na laki 8. Hicho ndicho kikomo chako. Kiandike kwenye daftari kabla ya kukaa, kwa sababu kichwa kikishapata moto ni rahisi kujiongezea laki mbili ambazo hukuzipanga.

Anza chini ya kikomo, lakini usianze na kiasi cha kumdhalilisha mtu. Kutaja milioni 6 kwa gari hili kunamwambia muuzaji kwamba huna nia, na wazee wengi watafunga maongezi hapohapo kwa adabu. Milioni 9 na laki 2 inatosha. Usilitukane gari, mwenyewe amelitumia na familia yake na pengine analipenda. Sema hivi: "Mzee wangu, gari nimelipenda, na bodi umeitunza vizuri. Ila kuna mambo matatu ambayo lazima niyatengeneze kabla ya kusafiri nalo." Yasome kutoka kwenye daftari, kila moja na bei yake, kisha utaje kiasi chako na unyamaze. Kimya hicho ni kigumu, na wanunuzi wengi hukivunja kwa kujiongezea bei wenyewe kabla muuzaji hajajibu. Mwache ajibu.

Akishuka hadi milioni 10 na laki 9, panda hadi 9 na laki 5. Akija 10 na laki 3, nenda 9 na laki 7. Ona kwamba hatua zako zinapungua: laki 3, kisha laki 2, na inayofuata ni laki 1 inayokufikisha kwenye kikomo. Muuzaji mzoefu anaisoma lugha hiyo na kuelewa kwamba mfuko unakaribia mwisho. Ukipanda laki 3 kila mara, anajifunza kusubiri. Na kila unapopanda, omba kitu: alipe faini zilizopo, atoe ufunguo wa pili, au abebe gharama za kuhamisha umiliki, zikiwemo ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani ya mauziano.

Ukifika kikomo na yeye bado yuko milioni 10, shukuru, acha namba yako ya simu na uondoke kweli. Kuna miezi inayomsaidia mnunuzi. Januari, ada za shule zinapodaiwa, wauzaji huongezeka na wenye fedha mkononi hupungua, ilhali Novemba na Desemba, watu wanapotafuta gari la kwenda nalo Moshi na kwingineko kwa sikukuu, bei hukaza. Simu ya muuzaji baada ya siku tatu ni jambo la kawaida. Akikupigia, usiteremke chini ya kiasi ulichokitaja mwishoni kwa sababu tu umeona ana shida. Kauli yako ilikuwa milioni 9 na laki 8, nayo ibaki hiyohiyo.

Kukitokea presha ya "kuna mtu anakuja na fedha saa kumi", mjibu kwamba umefurahi kwa ajili yake, na kwamba wewe uko tayari kwa bei yako ikiwa mtu huyo hatatokea. Usitoe kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya kulishikia gari, ili kumzuia mtu usiyemwona. Ukilazimika kutoa, kiwe kidogo, kwa maandishi yenye jina la mmiliki aliye kwenye kadi, na ieleweke kama kinarudishwa au hakirudishwi.

Hatua ya tano: bei isibadilike baada ya kukubaliana

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, ukiwa na nakala za vitambulisho vya NIDA, picha, namba za TIN za pande zote mbili, namba ya chesisi na namba ya injini. Humo zitajwe pia betri, redio, tairi la akiba, jeki na ufunguo wa pili, kwa sababu kati ya siku ya kukubaliana na siku ya kukabidhiana betri nzuri huweza kugeuka mbovu. Piga picha za tarakimu za matairi siku ya ukaguzi, na uzilinganishe siku ya kuchukua gari. Lipa kwa benki, kwenye akaunti ya mmiliki mwenyewe na siyo ya dalali. Kamisheni ya dalali ilipwe peke yake, na kila anayelipwa asaini kiasi alichopokea. Kadi halisi uipokee mkononi kabla ya kutoka benki, na ombi la kuhamisha umiliki TRA liwasilishwe wakati muuzaji bado anapokea simu zako.