Namna ya Kuielewa Presha ya Macho na Kuchagua Matibabu Yake

Presha ya macho, ambayo kitaalamu huitwa glakoma, ni ugonjwa unaoharibu taratibu mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Ndani ya jicho hutengenezwa maji safi ambayo hutoka kupitia kichujio chembamba. Kichujio hicho kinaposhindwa kuyapitisha, presha hupanda na mshipa huumia. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wapo wanaoumia hata wakiwa ndani ya kiwango hicho. Ugonjwa huu ni tofauti na presha ya damu, na kupimwa mkono hakuwezi kuugundua.

Aina iliyoenea zaidi kwetu Uganda haiumi wala haiwashi. Uwezo wa kuona pembeni ndio unaoanza kupotea, hivyo mtu anaweza kusoma vizuri na huku haoni bodaboda inayomjia kutoka ubavuni. Jambo ninaloomba kila familia ilielewe ni kwamba mtoto wa jicho akiondolewa mgonjwa huona tena, lakini kilichopotezwa na glakoma hakirudi. Kwa sababu hiyo, mzee anayefifia macho asiketi nyumbani akingoja mtoto wa jicho “aive” kabla hajapimwa. Akiwa na glakoma, miezi hiyo ya kungoja ndiyo inayompofusha.

Watu wenye asili ya Kiafrika huupata ugonjwa huu mapema na kwa ukali zaidi. Ukiwa umefikisha miaka 40, au ikiwa mzazi au ndugu yako wa damu anaugua, nenda ukapimwe hata kama huoni tatizo lolote. Anza na ofisa tabibu wa macho aliye karibu nawe au kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Mulago na Mengo mjini Kampala, Ruharo mjini Mbarara na hospitali ya macho ya Benedictine mjini Tororo zina huduma za macho. Hakikisha umepimwa presha ya jicho, umechunguzwa mshipa kwa nyuma ya jicho, na umepimwa upana wa eneo unaloliona, kwa maana namba ya presha peke yake haitoshi kutoa uamuzi.

Matibabu yote yana lengo moja, yaani kushusha presha ili uoni uliobaki usipotee. Wengi huanzia kwenye dawa za matone. Timolol hutumika sana, lakini mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole asiitumie, na ni wajibu wako kumwambia daktari kabla hajaandika dawa. Latanoprost hutiwa mara moja kwa siku, kwa kawaida jioni. Huweza kuleta wekundu na kurefusha kope. Tia tone moja, fumba jicho, kisha bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 2 ili dawa isiingie mwilini. Kama una dawa ya pili, subiri dakika 5. Usiache kutia kwa sababu huhisi nafuu yoyote, kwani dawa hii haikusudiwi kuleta nafuu unayoweza kuihisi.

Ugumu wa matone ni kwamba hununuliwa mwezi baada ya mwezi, maisha yote. Kabla ya kukubali, uliza bei, uliza kama yanapatikana mjini kwenu, na ukiona hutayamudu sema wazi, kwani kuna njia nyingine. Mwanga wa leza huelekezwa kwenye kichujio, kazi inayochukua dakika chache bila kulazwa. Utafiti uliofanyika Moshi, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, dhidi ya 31 kwa timolol. Nguvu yake huweza kupungua baadaye, hivyo kupimwa huendelea.

Upasuaji hufungua njia mpya ya maji kutoka. Hufaa pale presha inapokataa kushuka, au pale mgonjwa anapoishi mbali na dawa, na kwa watoto wachanga wenye macho makubwa yenye ukungu ndio matibabu ya kwanza. Baada yake rudi kliniki kila unapoitwa, na jicho likiwa jekundu, likiuma au likitoa usaha, rudi siku hiyohiyo hata kama miaka imepita.

Ipo pia aina inayovamia ghafla: jicho huuma vikali, huwa jekundu, taa huonekana zimezungukwa na duara za rangi, na mgonjwa hutapika. Huyo apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, na asitiwe maji ya majani wala tone lililobaki la mgonjwa mwingine.