Jinsi ya kuipa sayari yako ya kubuni miezi inayoeleweka

Watu wengi wakianza kubuni dunia ya fantasia wanatupia miezi miwili mitatu angani, mmoja mwekundu mwingine bluu, basi imetoka hiyo. Kwa picha haina neno. Ila kama stori ina wavuvi, safari za usiku na sherehe za mwezi mpevu, msomaji mjanja ataanza kuhesabu siku na atakubana. Kwa hiyo anza na umbali, rangi na majina utaweka baadae.

Tuchukue sayari tuiite Zimbwe, ukubwa na uzito kama dunia yetu, siku masaa 24, mwaka siku 365, tusijitese. Mwezi wa kwanza, Shuwari, uwe kama huu wetu tu: km 384,000, unazunguka kwa siku 27.3, lakini toka kuandama mpaka kuandama tena ni siku 29.5 maana sayari nayo haijakaa, inalizunguka jua. Wa pili, Koche, uweke kwenye robo ya umbali huo, km 96,000. Siku zake unazipataje? Toa kalkuleta ya simu, hii ni kanuni ya Kepler, ile inayounganisha umbali na muda wa kuzunguka: 0.25 x 0.25 x 0.25, jibu lake litafutie kipeuo cha pili, unapata 0.125, zidisha kwa 27.3. Siku 3.4 umemaliza, na kuandama kwake ni kila siku 3.44.

Sasa bahari, na hapa ndo wengi wanaharibu. Mwezi ule ule ukiusogeza nusu ya umbali unavuta maji mara 8, ukiuleta robo ni mara 64, yaani mji wako wa pwani hauna chake tena. Dawa yake upunguze mwezi wenyewe: Koche upe upana robo ya mwezi wetu, kama km 870, mwamba wa aina ile ile, uzito unashuka mara 64 na hesabu inarudi sawa. Na angani utaonekana ukubwa ule ule wa Shuwari, raha sana hiyo. Ila kwa vile unakimbia, unachomoza kila baada ya masaa 34 hivi, maji yake yanajaa kila masaa 17 wakati ya Shuwari ni kila masaa 12 na dakika 25, kwa hiyo mvuvi wa Zimbwe hana ile bamvua (maji kujaa na kupwa sana) na maji mafu (kujaa na kupwa kidogo) ya kukariri kama wa huku kwetu, lazima ajue miezi yote miwili iko wapi.

Mwanga nao una sheria zake. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama, hilali ya jioni inakaa magharibi na kuzama mapema, hakuna hilali ya utosini saa sita usiku hata uwe mchawi. Na miezi miwili ikiwa imekaribiana angani lazima ifanane sura, haiwezekani mmoja mpevu na jirani yake hilali, jua linaloimulika ni moja! Hili kosa liko kwenye michoro kibao.

Kupatwa: njia ya Shuwari iinamishe digrii 5 kutoka njia ya sayari kuzunguka jua, kama ya kwetu, ili usipatwe kila mwezi. Koche mimi ningeuacha bila kuinama kabisa, uko karibu na kivuli cha sayari ni kikubwa, kwa hiyo kila ukifika upevu unamezwa kwa saa moja na nusu hivi. Hapo dini ya watu wa Zimbwe inajiandika yenyewe.

Mwisho fungua Excel, siku ya 0 ya stori miezi yote iandame. Namba ya siku gawanya kwa 29.5, halafu kwa 3.44, uangalie desimali tu: 0 ni kuandama, 0.5 ni mpevu. Mfano vita yako iko usiku wa siku ya 100: Shuwari inakuja 0.39, Koche 0.07. Maana yake Koche umeshazama mapema jioni, askari wana mwanga wa Shuwari mpaka saa tisa na kitu usiku, kuanzia hapo mpaka alfajiri ni giza, na anayetaka kuvizia kambi avizie muda huo.