SOMO: Doa la damu lililochakaa, pima DNA kabla ya kuirekebisha

Wadau, doa likishapigwa jua na mvua wengi hukimbilia vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) vya kurekebisha DNA. Taratibu.

Hatua ya 1: Likaushe kivulini, tia kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni hufuga unyevu, na unyevu ni sherehe ya bakteria.

Hatua ya 2: Ukishatenga DNA, pima kwa PCR ya kiasi (kipimo kinachonakili DNA na kukadiria wingi wake) vipande viwili: kifupi cha jozi 80 hivi za besi (herufi za DNA), na kirefu cha 200 na ushee. Gawanya kiasi cha kifupi kwa kiasi cha kirefu. Karibu na 1, DNA nzima. Ikivuka 10, imekatika vibaya. Mfano, 0.5 kwa 0.04 ni 12.5. Ila angalia na kidhibiti cha ndani (DNA ya kupimia inayowekwa kwenye kila kipimo): kikichelewa, huenda tatizo ni vizuizi vya PCR kama himu (sehemu ya damu yenye chuma), rangi ya jinzi au udongo, navyo pia hupandisha namba hiyo. Hapo safisha DNA au izimue, ongeza BSA (protini inayonasa vizuizi), pima upya.

Hatua ya 3: Sasa rekebisha. Kimeng'enya UDG hung'oa urasili, besi iliyozaliwa na sitosini iliyoharibika. Kingine, Fpg, hung'oa besi ya guanini iliyoharibiwa na oksijeni. Kimeng'enya cha T4, virusi vya bakteria, hukata penye besi za thaimini zilizogandishwa pamoja na jua. Kisha polimerasi hujaza pengo kwa kunakili uzi wa pili wa DNA, na kimeng'enya ligasi hufunga. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika hakuna cha kunakili, kwa hiyo nenda kwenye mini-STR (vipimo vya vipande vifupi vya DNA vyenye herufi zinazojirudia), zilizosaidia kutambua waliokufa World Trade Center mwaka 2001. Usimimine sampuli yote. Bakiza sehemu isiyorekebishwa, uzipime zote mbili sambamba.

MASWALI

Swali: Mkuu, urekebishaji hauwezi kumfunga asiyehusika?
Jibu: Kipimo cha STR huhesabu marudio ya herufi za DNA, kwa hiyo besi moja iliyobadilika kwa kawaida haigusi hesabu. Mimi naogopa zaidi aleli (moja ya nakala mbili, ya baba au ya mama) kupotea: mtu mwenye marudio 12 na 15 akaonekana ana 12 tu. Rudia kipimo, na kilele kimoja kifupi kwenye grafu ya matokeo usikiamini haraka.

Swali: Shati limefuliwa kwa jiki, kuna matumaini?
Jibu: Madogo. Tena jiki yenyewe hufanya luminoli (kemikali ya kutafutia damu) ing'ae, usidhani ni damu. Fumua mishono ya kola na pindo, ukate nyuzi za ndani. Huko jiki huwa haifiki vizuri.